Nukta na Mkato Huweza Kugeuza Shauri

Apitaye Nambale katika barabara itokayo Mumias kwenda Busia huona mashamba ya miwa, mihogo na mahindi, wala hafikiri kwamba mahali kama hapo pana kazi nyingi za kalamu. Lakini zipo. Mkulima huandika barua kwa ofisi ya ardhi; karani wa chama cha ushirika huandika kumbukumbu za mkutano; mfanya biashara apelekaye mali Uganda kwa njia ya Busia au Malaba huhitaji hati za forodha. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yasema kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi, lakini karatasi nyingi za ofisini huandikwa kwa Kiingereza, na ng'ambo ya mpaka ni vivyo hivyo. Basi yampasa kila ashikaye kalamu kujua si maneno ya Kiingereza tu, bali na alama zake pia.

Asili ya Alama Hizi

Zamani Wayunani waliandika maneno yao yakifuatana bila nafasi. Yapata miaka 200 kabla ya Kristo, Aristophanes wa Byzantium, aliyekuwa mkuu wa maktaba ya Alexandria huko Misri, alianza kutia nukta juu, katikati na chini ya mstari, ili msomaji ajue mahali pa kutua. Hata jina la koma latoka katika neno la Kiyunani lenye maana ya kipande kilichokatwa. Nasi twaiita mkato. Alama hizo zilianza kwa kusaidia pumzi, lakini leo kazi yake kubwa ni kulinda maana.

Mkato Wageuza Maana

Tuseme mwanachama ameuliza kama fedha zake hazijafika, na karani anataka kumjibu: "No money has been received." Maana yake, hakuna fedha zilizopokewa. Lakini akitia mkato mmoja, "No, money has been received," amesema kwamba sivyo, fedha zimepokewa. Maneno ni yale yale, na majibu ni mbali kama mashariki na magharibi.

Au tazama kumbukumbu za mkutano. "The treasurer said the chairman lost the receipts." Hapo mweka hazina anamshitaki mwenyekiti. Sasa tia mikato miwili: "The treasurer, said the chairman, lost the receipts." Mshitaki amekuwa mshitakiwa! Mtu aweza kupoteza heshima yake kwa uzembe wa namna hiyo.

Tena, "We shall pay the men who have finished weeding" ni ahadi kwa wale tu waliomaliza kupalilia. Lakini "We shall pay the men, who have finished weeding" maana yake wote wamemaliza, na wote watalipwa. Mwenye shamba asishangae watu wote wakimjia kudai mshahara.

Liko kosa jingine litokalo katika lugha yetu wenyewe. Katika Kiswahili twaweza kusema, "Mvua imekosa, mbegu hatuna," na hapana atakayetulaumu. Lakini Kiingereza cha ofisini hakipendi kuunganisha sentensi mbili kamili kwa mkato peke yake. Yafaa kuandika, "The rain has failed. We have no seed," au kutia neno la kuunganisha.

Ritifaa

Sisi twaijua alama hii katika ng'ombe na ng'oa, ambamo yaonyesha sauti. Katika Kiingereza ina kazi nyingine: kuonyesha mwenye mali, au herufi iliyoachwa. "The farmer's bags" ni magunia ya mkulima mmoja. "The farmers' bags" ni ya wakulima wengi. Wakati wa kugawa malipo, tofauti hiyo si ndogo. Kadhalika, "it's" ni kifupi cha "it is". Lakini "its", yenye maana ya "yake", haina ritifaa. Wala ritifaa haitiwi ili kuonyesha wingi tu: "bags" yatosha.

Hesabu za Mpakani

Magari yapitayo Malaba na Busia hubeba mali hata ya Kongo. Katika Kiingereza, 1,500 ni elfu moja na mia tano, na 1.5 ni moja na nusu. Lakini wafuatao desturi ya Kifaransa hutumia mkato mahali petu pa nukta: kwao 1,500 ni moja na nusu. Kwa hiyo anayewaandikia na aandike hesabu kwa maneno pia, asije akaleta ugomvi wa mizani.

Mkato Uliogharimu Mamilioni

Asidhani msomaji kwamba haya ni mambo ya darasani tu. Katika jimbo la Maine, Marekani, madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst walidai malipo ya saa za ziada. Sheria ya jimbo ilitaja kazi zisizopata malipo hayo, na mwisho wa orodha ilisema "packing for shipment or distribution". Hapakuwa na mkato baada ya neno "shipment". Je, kugawa bidhaa ni kazi iliyo peke yake, au kufungasha tu kwa ajili ya kugawa? Madereva walikuwa wakigawa maziwa, wala hawafungashi. Mwaka 2017 mahakama ya rufani iliona kwamba maneno hayo yana utata, ikaamua kwa faida yao, na mwaka 2018 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5.

Basi kabla ya kutia barua katika bahasha, andika sentensi fupi, na kila wazo lipate nukta yake. Kisha mpe mtu mwingine aisome mbele yako, wewe ukinyamaza. Akiielewa sivyo ulivyokusudia, usimlaumu yeye; rudi ukatazame alama zako.