Changanua rekodi za kikundi chako kwenye kivinjari, lakini linda siri za wanachama

Kamati za maji, vikundi vya wakulima wa ndengu na vyama vya akiba, kuanzia Kwa Vonza hadi Mwingi, huweka rekodi kila siku: mitungi iliyouzwa, magunia yaliyovunwa, michango iliyolipwa. Nyingi huishia daftarini. Zikiingizwa kwenye jedwali na kuhifadhiwa kama faili ya CSV, zinaweza kuchanganuliwa kwa lugha ya takwimu iitwayo R, bila kununua programu.

R ni nini?

R ilibuniwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, miaka ya 1990. Ni ya bure. Tangu 2012, programu ya Shiny imewawezesha wataalamu kutengeneza kurasa ambapo mtu hupakia faili yake na kuona majedwali na grafu bila kuandika amri yoyote.

Data zako huenda wapi?

Kurasa hizi ni za aina mbili. Katika aina ya kwanza, faili yako husafirishwa hadi kwenye seva ya mwenye ukurasa, ambako hesabu hufanyika. Katika aina ya pili, inayotumia webR iliyotolewa 2023, R hufanya kazi ndani ya kivinjari chako, na faili haihitaji kutoka kwenye kifaa.

Ili kuzitofautisha, fungua ukurasa, usubiri umalize kupakia, kisha uzime data ya simu kabla ya kuweka faili. Hesabu zikiendelea, zinafanyika kwenye kifaa chako. Funga ukurasa kabla ya kuwasha data tena.

Kwa vyovyote vile, toa kwanza majina, namba za vitambulisho na namba za simu. Tumia namba za siri kama M01 na M02. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda taarifa za kila mwanachama.

Kagua kabla ya kuamini

Tuseme kioski cha maji kiliuza mitungi 40, 42, 38, 41 na 400 kwa siku tano. Wastani ni 112.2, ilhali namba ya katikati ni 41. Pengo hilo linaashiria kosa: huenda karani aliongeza sifuri. Kamati ikiutegemea wastani huo, itatarajia fedha ambazo hazipo, na mhudumu asiye na hatia atashukiwa wizi. Linganisha na daftari kabla ya kumuuliza mtu.

Wakazi wa Kwa Vonza wako karibu na Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya (SEKU). Kikundi kisicho na mjuzi wa kompyuta kinaweza kumwomba mwanafunzi akisaidie kupanga jedwali. Mpeni nakala isiyo na majina, na daftari lenyewe libaki kwa katibu.