Msitu umeondoka, mbu amebaki kwenye pipa la fundi

Mama mmoja aliingia chumbani kwangu mwezi Aprili, masika yakiwa yamekolea, amembeba mgongoni mtoto wa miaka saba. Mtoto wa umri huo habebwi kama hana jambo.

"Daktari, homa imeshuka tangu jana usiku, lakini mwanangu ndiyo kwanza anazidi kulegea," alisema.

Alikuwa na karatasi ya kipimo kutoka maabara ya mtaani kwao: hana malaria. Kwenye pochi alikuwa na vidonge vya diklofenaki alivyouziwa duka la dawa baada ya mtoto kulalamika kuwa viungo vinamuuma. Nilipomwomba mtoto afungue kinywa, fizi zilikuwa zinavuja damu.

Nikamuuliza wanakaa wapi. "Tumejenga upande wa Mabwepande, tumehamia mwaka juzi. Bado ni poripori, hata nyoka tunawaona. Ila usiku hakuna mbu, Daktari. Tunalala vizuri tu."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya. Wazazi wengi wa maeneo mapya ya Dar es Salaam wangesema vilevile, na wangekuwa wanasema kweli. Mbu aliyemuuma mtoto huyu hana kawaida ya kusubiri usiku.

Jiji letu linakua haraka. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu karibu milioni 2.5 mkoani Dar es Salaam. Ya mwaka 2022 ikahesabu watu milioni 5.38. Watu hao hawakupangwa ghorofani. Wengi wamekwenda pembezoni, wakanunua viwanja palipokuwa na vichaka, mikorosho, mabonde ya mpunga na misitu. Msitu wa Pande, ambao zamani ulikuwa nje kabisa ya mji, leo umesogelewa na nyumba. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, upande wa Kisarawe, imekatwa mkaa kwa miaka mingi. Ni mabaki ya misitu ya pwani yenye viumbe ambao kwingineko duniani huwapati. Mmoja wao ni komba wa Rondo, mnyama wa usiku mwenye uzito wa gramu 60 hivi, anayekula wadudu na kulala juu ya miti. Ukikata miti yake, hana pa kuhamia. Hawezi kuishi kwenye paa lako la bati.

Lakini si kila kiumbe hushindwa. Wapo wanaofaidika tunapojenga. Kunguru mweusi mwenye shingo ya kijivu tunayemwona kila jalalani aliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili asaidie kusafisha taka. Leo amejaa miji yetu ya pwani, anakula mayai na makinda ya ndege wengine, na hahitaji msitu, anahitaji mabaki ya chakula chetu tu. Panya naye ni hivyohivyo. Sisi wenye kazi ya kutibu hatuwaoni wagonjwa walioletwa na komba. Tunawaona walioletwa na hawa wanaojua kuishi na sisi.

Na anayewazidi wote ni mbu aina ya Aedes, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni.

Asili ya mbu huyu ni misitu ya Afrika. Kule alikuwa akitaga mayai kwenye maji ya mvua yaliyotuama ndani ya matundu ya miti, na aliuma wanyama. Jirani zetu wa Rabai, karibu na Mombasa, wamewapa watafiti mfano mzuri sana. Tangu miaka ya 1970 ilionekana kwamba ndani ya nyumba za wenyeji kulikuwa na mbu wa aina hii mwenye rangi ya kahawia, aliyezaliana kwenye mitungi ya maji na kupenda damu ya watu. Mita mia kadhaa tu kutoka hapo, msituni, alikuwepo ndugu yake mweusi zaidi, aliyezaliana kwenye matundu ya miti na kupendelea wanyama. Ni jamii moja ya mbu, yenye tabia mbili.

Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2020, uliokusanya mbu hao kutoka sehemu mbalimbali za Afrika, ulionyesha kuwa wale wanaovutiwa zaidi na harufu ya binadamu wanatoka kwenye maeneo yenye kiangazi kirefu na miji yenye watu wengi. Sababu yake si ngumu kuielewa. Kiangazi kikiwa kirefu, matundu ya miti hukauka, lakini ndoo ya mama haikauki.

Fikiria tofauti ya bwawa na ndoo. Bwawani au kwenye kijito chenye uhai kuna samaki wadogo, kuna watoto wa kereng'ende wanaoishi majini, na wote hula viluwiluwi vya mbu. Ndani ya ndoo, tairi bovu au kifuu cha nazi hakuna adui hata mmoja. Tunapofukia bonde na kuweka mapipa uani, tunampa mbu huyu maji yasiyo na anayemla. Halafu maji ya bomba yenyewe hutoka kwa zamu, kwa hiyo kila nyumba ina madumu, mapipa na tangi. Simlaumu mtu kwa kuhifadhi maji. Hata mimi nyumbani nina mapipa mawili.

Kitu ambacho wengi hawakiwazii ni pipa la fundi. Mtaa mpya maana yake ni nyumba ambazo hazijaisha. Kila kiwanja cha tatu kina pipa lililokatwa nusu, lenye maji ya kuchanganyia zege na kumwagilia tofali. Fundi akisubiri mwenye nyumba apate pesa ya bati, pipa hukaa na maji miezi mitatu. Yai la mbu huyu huwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hadi siku kumi hivi. Sasa hesabu mwenyewe.

Mbu huyu huuma mchana, zaidi asubuhi na jioni kabla jua halijazama. Ndiye anayeeneza homa ya dengi, ambayo Waswahili wa zamani waliita kidingapopo. Dar es Salaam tulipata milipuko yake mwaka 2014 na tena 2019. Ndiye pia anayeeneza chikungunya, ugonjwa uliotambuliwa mara ya kwanza kusini mwa nchi yetu mwaka 1952 na kupewa jina kutoka Kimakonde, kwa jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo.

Chandarua endelea nacho, maana malaria bado ipo na mbu wake huuma usiku. Mtoto mdogo anayelala mchana naye mwekee chandarua.

Sasa tuje kwenye homa yenyewe, maana hapa ndipo watoto wanapoumia. Mtoto akipata homa mpeleke kupimwa malaria. Kipimo kikionyesha hana malaria, usimpe dawa ya malaria "kwa kujihami", na usidhani kwamba hana kitu. Homa kali ya ghafla, kichwa kuuma, maumivu nyuma ya macho, maumivu ya misuli na viungo, na wakati mwingine vipele, vyote hivyo vinaweza kuwa dengi. Sema wazi kwa mhudumu kwamba malaria haikuonekana na unataka kujua homa inatoka wapi.

Kwa homa na maumivu mpe parasetamo peke yake, kwa uzito wake: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa sita, isizidi mara nne kwa siku. Mtoto wa kilo 20 atapata nusu kidonge cha miligramu 500. Usimpe aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki. Dengi inapunguza chembe zinazosaidia damu kuganda, na dawa hizo huongeza hatari ya kutoka damu. Muuza duka anaweza kukuambia kuwa "hii ndiyo kiboko ya maumivu". Mwambie hutaki. Mnyweshe mtoto vya kutosha: maji, uji mwepesi, maji ya chumvi na sukari ya pakiti, dafu.

Kisha kuna jambo lililomdanganya mama yule, na linawadanganya hata baadhi yetu sisi wa kazi. Kwenye dengi, kipindi cha hatari huanza homa inaposhuka, kati ya siku ya tatu na ya saba. Mzazi huona mwili umepoa, akashukuru Mungu, akarudi kazini. Siku hizo ndizo za kumkalia karibu. Ukiona anaumwa tumbo sana, anatapika mfululizo, anatoka damu puani au kwenye fizi, anapumua kwa shida, hakojoi, mikono na miguu ni ya baridi, au analegea na kuhangaika, mkimbize hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Na kama aliwahi kuugua dengi zamani, usijipe moyo kwamba ana kinga. Virusi vyake ni vya aina nne, na kuugua mara ya pili kwa aina nyingine kunaweza kuwa kubaya zaidi.

Nyumbani, chagua siku moja ya wiki. Mwaga maji ya vyombo vyote, kisha sugua kuta zake kwa brashi, usiishie kumwaga. Mayai ya mbu huyu hugandishwa ukutani mwa chombo juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi yakisubiri mvua. Tangi na mapipa yafunikwe kabisa. Kitambaa chenye matundu hakisaidii. Visahani vya maua, vifuu, makopo na matairi, ondoa. Pipa la fundi ligeuzwe juu chini kazi inaposimama. Kama ni kiwanja cha jirani aliyesafiri, zungumza na mjumbe wa mtaa. Usitegemee kupulizia dawa, kwani moshi huua mbu wanaoruka siku hiyo na kuyaacha mayai.

Nyoka niseme kidogo, kwa kuwa mama aliwataja. Hufuata panya, na panya hufuata taka na marundo ya tofali na mbao. Usiku tembea na tochi na viatu. Aliyeumwa atulizwe, asitembee, avuliwe pete na bangili, apelekwe hospitali. Msimchanje, msimfunge kamba ya kubana, msipoteze muda na jiwe la nyoka. Swila akitema machoni, osha kwa maji mengi safi kisha nenda hospitali. Mbwa akimuuma mtoto, au kumkwaruza kwa meno, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu nenda siku hiyohiyo ukapate chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu kila mgonjwa hufa. Na watoto wasicheze kwenye maji ya mafuriko, yana mkojo wa panya. Homa ya mgunda, iliyothibitishwa Lindi Julai 2022, hupatikana hivyo.

Mtoto wa Mabwepande tulimlaza siku tano, kwa dripu na kupima damu kila siku. Siku ya tatu aliomba chapati, nikajua tumepona. Baba yake alikuja kumchukua, nikamuuliza kuhusu nyumba. Akasema chumba kimoja bado hakijaezekwa, fundi ameondoka tangu Januari.

"Na pipa lake?"

Alinyamaza kidogo, akatoa simu mfukoni, akampigia shemeji yake aliyebaki nyumbani amwage maji na kulisugua kabla hawajafika.