Folda Haikupotea, Imefichwa

Majuzi nilikuwa katika duka moja la steshenari hapa mjini Sumbawanga, nikisubiri kutolewa kopi za karatasi zangu. Akaingia mzee mmoja, katibu wa chama cha msingi cha ushirika kutoka upande wa Laela, akiwa na flashi iliyofungwa uzi mwekundu. Ndani yake mlikuwa na orodha ya wakulima wa kijiji, kila mmoja na ekari zake, kazi ya wiki tatu ya kupita nyumba kwa nyumba. Orodha hiyo ilitakiwa siku ile ile kwa ajili ya mbolea ya ruzuku.

Kijana wa duka akachomeka flashi. Antivairasi ikapiga kelele, akabonyeza kusafisha, na flashi ikawa tupu. "Mzee, humu hamna kitu." Mzee akashika kichwa. Nyuma yangu mtu akanong'ona kwamba hapo pana mkono wa mtu. Nanyi mnajua, jina la mji wetu hufasiriwa kuwa ni "tupa uchawi", hivyo maneno ya namna hiyo hayachelewi kupata wasikilizaji.

Mimi nilinyamaza kwa sababu nyingine. Mwaka juzi yalinikuta yayo hayo, nikaidhania flashi yangu tupu, nikaifomati kwa hasira, na mahojiano yangu manne yakaenda na maji. Baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba yalikuwamo muda wote.

Je, inakuwaje? Folda ya kompyuta ni kama jalada la ofisini, na programu inayoifungua ni kama karani wa masijala. Wewe unaomba jalada. Yeye anaamua akuoneshe kurasa zipi. Karani huyu wa Windows hutoka kiwandani na maagizo yake. Mengine ni ya kupendeza macho tu: folda ifunguke kwa kubonyeza mara moja au mbili, ijitokeze katika dirisha lile lile au dirisha jipya. Waliotumia Windows 95 watakumbuka jinsi kila folda ilivyofungua dirisha lake mpaka kioo kikajaa kama soko la mnada.

Lakini yapo maagizo mawili yasiyo ya mapambo. La kwanza: usioneshe kilichofichwa. La pili: usioneshe herufi za mwisho wa jina la faili, zile zinazofuata nukta na kueleza faili ni ya aina gani.

Kirusi cha flashi hupitia hapo. Huzificha folda zako halisi, kisha huweka mahali pake njia za mkato zenye majina yale yale na picha ile ile ya folda. Ukibonyeza, kirusi huamka, halafu hukufungulia folda yako ya kweli, usishuku lolote. Antivairasi ikija, huondoa zile bandia na kuziacha zako mafichoni. Na lile agizo la pili ndilo lililosaidia kirusi cha barua ya mapenzi cha Mei 2000, kilichoingia katika mamilioni ya kompyuta duniani. Jina lake liliishia na TXT, kisha nukta na vbs. Kwa kuwa vbs haikuonekana, watu waliona barua ya kawaida, wakaifungua.

Watengenezaji wana sababu yao: hawataki mtu afute kwa bahati mbaya faili zinazoendesha mashine. Ni sababu ya haki kwa kompyuta isiyotoka mezani kwa mwenyewe. Kwetu, ambako kazi husafiri mfukoni kutoka steshenari hadi steshenari, mimi siioni kuwa na uzito.

Kubadili si kazi kubwa. Katika Windows 11, fungua folda yoyote, bonyeza "View", kisha "Show", uweke alama kwenye "Hidden items" na "File name extensions". Katika Windows 10 visanduku hivyo vipo palepale ndani ya "View". Kisha chagua mpangilio wa "Details" na utazame safu ya "Type". Folda ya kweli itaandikwa "File folder". Ikiandikwa "Shortcut", usiiguse. Njia ya mkato haioneshi herufi zake za mwisho hata ukishabadili maagizo, hivyo safu hiyo ndiyo shahidi wako.

Nilimwambia kijana ajaribu. Akaweka alama; bado kitu hakuna. Virusi vingine huzipa folda muhuri wa faili za mfumo, na hizo zina kufuli la pili. Akaingia "Options", kwenye ukurasa wa "View", akaondoa alama mbele ya maneno yanayoanza na "Hide protected". Folda ikatokea, picha yake imefifia kama shati lililopauka. Akanakili orodha kwenye folda mpya, kisha akairudisha ile alama aliyoiondoa mwisho.

Mzee hakusema neno mpaka karatasi ya kwanza ilipotoka kwenye printa. Akaipitisha kidole jina kwa jina. Kisha akasema, "Toa nakala mbili, mwanangu. Moja ya ofisini, moja ya sandukuni kwangu."