Nyanya ya Kubadilishana Mbegu: Picha Haiwezi Kuipa Jina

Swali hili hurudi kila mvua zinapopungua na watu wanapoanza kusia vitalu: mbegu za nyanya nilizopewa kwa kubadilishana zimezaa vizuri, je, hii ni aina gani? Linaulizwa huku Kyela, yaani Talatala, Ipinda, Matema na ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, wala si ajabu, kwa kuwa mbegu huku hupita mkono kwa mkono. Nyingine zimeshuka na ndugu kutoka Tukuyu au Uyole, nyingine zimevuka Kasumulu kutoka Karonga, zimefungwa kwenye kipande cha gazeti au pindo la kanga, bila jina. Swali huja na picha ya tunda moja, na hapo wajuzi hujitokeza: wa kwanza anasema ni Tanya, wa pili Cal J, wa tatu anaapa ni Tengeru 97. Wote watatu wanabahatisha. Picha inaweza kulikataa jina fulani, lakini haiwezi kulithibitisha. Na mara nyingi hakuna jina la kutafuta, kwa sababu kilichomo shambani si aina moja hata kidogo.

Hilo la mwisho ndilo lisiloeleweka. Baadhi ya nyanya za sokoni siku hizi zinatokana na mbegu chotara, zile zenye alama ya F1 kwenye pakiti. F1 si jina la kampuni wala daraja la ubora. Ni kizazi cha kwanza cha wazazi wawili tofauti, kila mmoja akiwa ametulizwa kwanza peke yake hadi watoto wake wafanane naye. Kizazi hicho hufanana shamba zima, kwa kuwa kila mche umerithi jeni zilezile kutoka kwa kila mzazi. Ukikamua mbegu za tunda lake na kuzipanda, mpangilio unavurugika. Chukulia kwamba wazazi walitofautiana kwenye jeni 10 tu, kila moja ikirithiwa kivyake: uwezekano wa mche wa kizazi cha pili kuwa na mpangilio uleule wa F1 kwenye zote 10 ni 1 kati ya 1,024. Na nyanya, ambayo ramani yake ya vinasaba ilichapishwa mwaka 2012, ina jeni zipatazo 35,000. Kila kizazi kikijichavusha, jeni zilizobaki na sura mbili hupungua nusu: asilimia 50 kizazi cha pili, 25 cha tatu, hadi kama 3 kizazi cha sita. Kwa hiyo aliyekamua mbegu za chotara akawagawia majirani watano amewapa mbegu za miche isiyofanana, na baada ya misimu kadhaa ya kuchagua, kila mmoja anaweza kuwa na nyanya yake iliyotulia, isiyokuwamo kwenye orodha yoyote duniani. Kuipa jina la chotara ya mwanzo ni sawa na kumwita mjukuu jina la bibi, kisha kudai ndiye bibi mwenyewe.

Wapo watakaopinga: mbona nyanya hujichavusha yenyewe? Kweli, hujichavusha. Ua lake limefunika sehemu ya kike ndani ya bomba la chavua, na kwa aina nyingi za kisasa chavua ya jirani huingia kwa nadra. Ndiyo maana mbegu za Tanya au Tengeru 97, ambazo zilitolewa mwaka 1997 kutokana na utafiti wa Tengeru, Arusha, huzaa watoto wanaofanana na mama, na jina lililokuja nazo lina thamani. Lakini kujichavusha hutunza kilichokuwamo. Hakusafishi mchanganyiko uliofanyika bakulini wakati wa kukamua. Hapa ndipo hadithi mbili zinapochosha. Ya kwanza husema tunda limebadilika umbo msimu huu kwa sababu ya nyanya za jirani. Haiwezekani: nyama na ganda la tunda ni mwili wa mama, na chavua ya jirani ingeonekana msimu ujao tu, kwenye miche itakayotoka katika mbegu hizo. Ya pili husema nyanya imepandana na ngogwe. Haijapandana, na haitapandana.

Kama mtu anataka kujua kwa haki, aanze na idadi ya miche. Tabia iliyofichika, mfano jani pana kama la kiazi mviringo, hujitokeza kwa mche 1 kati ya 4 kwenye kizazi cha pili. Ukipanda miche 4, kuna uwezekano wa asilimia 32 kwamba hutaiona kabisa. Ukipanda 11, uwezekano huo hushuka hadi asilimia 4. Miche ikitofautiana, acha kutafuta jina. Ikifanana yote, tazama mmea kabla ya tunda: unaendelea kurefuka ukitaka mti wa kuegemea, au unajifunga wenyewe? Ukirefuka bila kukoma, si Roma, si Cal J, si Tanya. Tazama tunda bichi: lina mabega ya kijani kibichi, au rangi moja kotekote? Tofauti hiyo hutokana na jeni moja, GLK2, iliyoelezwa kwenye jarida la Science mwaka 2012. Wazalishaji walioipenda rangi moja walikuwa wakipunguza sukari ya tunda bila kujua. Menya ganda la tunda lililoiva: likiwa la njano, nyanya huonekana nyekundu, likiwa halina rangi, huonekana ya waridi.

Rangi yenyewe, hata hivyo, isiaminiwe sana Kyela. Likopini, inayoipa nyanya wekundu, hutengenezwa kwa shida joto likizidi nyuzi 30, ilhali karotini ya njano huendelea. Nyanya iliyokuwa nyekundu Tukuyu, kwenye mita 1,500 hivi, inaweza kuiva ya machungwa huku chini kwenye mita 500, mbegu zikiwa zilezile. Wanaosema basi tupime vinasaba wana hoja, ila kipimo hicho hulinganisha tu na sampuli zilizokwisha kuhifadhiwa. Mtoto wa chotara hana sampuli ya kulinganishwa naye.

Wanaonufaika na pengo hili la majina ni wauza vifuko visivyo na lebo, wenye nyanya "asilia" ya manjano inayotibu tezi dume. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilipopitia ushahidi kuhusu nyanya mwaka 2005 iliukuta kuwa mdogo mno hata kwa kinga dhidi ya saratani ya tezi dume, sembuse tiba. Sheria ya Mbegu ya Tanzania ya mwaka 2003 imeweka masharti ya kuuza mbegu, na TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, ipo kuyasimamia; muuzaji wa namna hiyo aripotiwe.

Unapobadilishana, andika jina ulilopewa, mahali zilikotoka, mwaka, na kama mama alikuwa F1. Loweka mbegu kwenye maji ya nyuzi 50 kwa dakika 25 kupunguza bakteria, kausha kivulini, panda. Zisipokuja na jina, ziandike "Talatala, ndefu, mabega ya kijani", na usikubali jina la Tanya kutoka kwa mtu aliyeona picha tu.