Jiko Mbele ya Kamera

Katika The Great Indian Kitchen (2021), filamu ya Jeo Baby, bomba la chini ya sinki linavuja. Bibi aliyeolewa juzijuzi anamkumbusha mumewe aite fundi. Mume anaitikia, anasahau. Ndoo inategwa, maji machafu yanajaa, siku zinakwenda. Baba mkwe anataka wali wa kuni, si wa presha kuka, na nguo zake zisiingie kwenye mashine. Kamera haina haraka: inakata mboga, inakuna nazi, inafuta meza ambayo wanaume wameiacha imejaa mabaki. Mume huyu ni mwalimu, mpole wa sauti. Anayechoka ni mtazamaji, na uchovu huo ndio hoja yenyewe.

Sinema ya Kimalayalam, lugha ya filamu hii na ya jimbo la Kerala kusini-magharibi mwa India, ina mazoea ya zamani ya kuchungulia majumbani. Neelakuyil (1954) ilimwonyesha mwalimu wa tabaka la juu aliyempa mimba msichana wa tabaka la chini, kisha akamkana. Chemmeen (1965), iliyotokana na riwaya ya mwandishi Thakazhi, ilikwenda kwa wavuvi. Waandishi wa riwaya waliandika pia filamu, kwa hadhira inayosoma sana na kubishana siasa. Ndiyo maana Sandesam (1991) iliweza kuwacheka ndugu wawili, kila mmoja na chama chake, wanaogeuza nyumba ya baba yao mstaafu kuwa uwanja wa kampeni.

Halafu kuna Uarabuni, wanakokwenda watu wa Kerala kutafuta kazi. Katika Varavelpu (1989) kijana anarudi na akiba yake, ananunua basi, na basi linamfilisi. Pathemari (2015) inamfuata mwanamume anayezeekea ughaibuni akijenga kwao nyumba asiyokaa. Msomaji mwenye jamaa Maskati hahitaji kuelezwa zaidi.

Ila tusiisifu sinema hii kupita kiasi. P. K. Rosy, mwanamke Mdalit, yaani wa tabaka la chini kabisa, aliigiza mwanamke wa tabaka la juu katika filamu ya kwanza kabisa ya Kimalayalam, Vigathakumaran. Watazamaji walighadhibika, naye akalazimika kukimbia. Na ripoti ya Kamati ya Hema kuhusu wanawake wa tasnia hiyo, iliyokabidhiwa serikalini mwaka 2019 lakini ikawekwa hadharani Agosti 2024 tu, inataja unyanyasaji wa kingono, na pia jambo ambalo kamera hizo makini zingeliona mara moja jikoni kwa mtu mwingine: maeneo ya kurekodia filamu yasiyo na vyoo vya wanawake.