Bibi akiweka akiba kwenye kikundi, ruzuku ya TASAF itakatwa?

Swali hili hutufikia karibu kila tunapozungumzia TASAF hewani. Mara nyingi anayeuliza si mzee mwenyewe, ni mjukuu anayemwandikia ujumbe: bibi anapokea ruzuku, sasa ameshauriwa ajiunge na kikundi cha kuweka akiba, lakini majirani wamemtisha kwamba ukionekana una hela jina linafutwa. Kuna wazee wanaoficha mbuzi kwa ndugu. Wapo pia wanaokataa mabati wanayoletewa na watoto wao, wanaendelea kulala chini ya nyasi zinazovuja, kwa woga huo huo.

Woga huu haujatoka hewani. Kuna nchi ambazo akiba ya mzee inahesabiwa kweli kweli na msaada wake unapunguzwa. Kwetu utaratibu ni mwingine, na tofauti hiyo ndiyo tunayotaka kuieleza hapa, kwa sababu mzee anayeogopa kitu kisichokuwepo anapoteza mara mbili.

Tuanze na njia rahisi. Serikali inaweza kumpa kila mzee pesa kwa kuangalia umri tu. Zanzibar wanafanya hivyo tangu Aprili 2016: Mzanzibari mkaazi aliyefikisha miaka 70 analipwa Pensheni Jamii, awe mvuvi au karani mstaafu. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Hakuna anayeuliza una shilingi ngapi kwenye simu wala paa lako ni la nini. Ubaya wake ni kwamba hata mzee mwenye nyumba tatu za kupangisha anapata. Uzuri wake ni kwamba hakuna mzee anayelazimika kuonekana maskini ili apate.

Njia ya pili ni kupima hali ya mtu kwanza, ndipo umpe. Hapa ndipo akiba inapoingia.

Uingereza wanahesabu pesa yenyewe. Wana malipo yanayoitwa Pension Credit, ya kumwongezea mstaafu mwenye kipato kidogo mpaka afike kiwango kilichowekwa. Kwa mwaka wa fedha 2025/26, kwa mzee anayeishi peke yake, kiwango hicho ni pauni 227.10 kwa wiki. Akiwa na pensheni ya pauni 200, anaongezewa 27.10. Akiba yake ikiwa pauni 10,000 au chini ya hapo, haiguswi. Ikizidi hapo, kila pauni 500 ya ziada, hata ikiwa pungufu ya 500, inachukuliwa kana kwamba inamwingizia pauni 1 kila wiki.

Kwa hiyo mzee huyo akiwa na akiba ya pauni 12,000, zile 2,000 za juu zinahesabiwa kuwa kipato cha pauni 4 kwa wiki. Badala ya 27.10 anapata 23.10.

Pauni 4 zinaonekana ndogo, lakini piga hesabu kidogo. Pauni 1 kwa wiki ni pauni 52 kwa mwaka, juu ya pauni 500. Hiyo ni zaidi ya asilimia 10. Ni benki gani huko inamlipa mzee riba ya asilimia 10 kwenye akiba ya kawaida? Serikali inamhesabia faida ambayo hajaiona. Kwa msaada wao wa kodi ya nyumba mambo ni makali zaidi: mstaafu asiye kwenye ile Pension Credit ya msingi, akiba yake ikizidi pauni 16,000, msaada wote unakatika. Na mzee akisema ngoja nimpe mwanangu hizi pesa ili nionekane sina, wakibaini kwamba alizitoa kwa kusudi hilo wanamhesabia kama bado anazo. Nyumba anayoishi haihesabiwi.

Tumeeleza ya Uingereza kwa kirefu kwa sababu watu wengi hapa wanadhani TASAF wanafanya vivyo hivyo, kwamba kuna kiasi fulani cha shilingi ukikipita unatolewa. Mpango wa kunusuru kaya maskini, ulioanza mwaka 2012 na kuingia kipindi cha pili mwaka 2020, haukujengwa juu ya kikomo cha akiba. Na usingeweza. Mkulima wa kijijini hana hati ya mshahara wala taarifa ya benki ya miezi sita. Akiba yake imo kwenye sanduku la kikundi lenye kufuli tatu, nyingine iko kwenye gunia la mahindi, nyingine ni kuku.

Kwa hiyo TASAF wanaangalia dalili. Kwanza mkutano wa kijiji unataja kaya wanazoona ni maskini zaidi, kwa maana wanakijiji wenyewe wanajua nani anakula mara moja kwa siku. Kisha zinachukuliwa taarifa za kila kaya iliyotajwa: mko wangapi, watoto wangapi na wazee wangapi, kuta ni za nini, sakafu, paa, mna vyombo na mali gani, nani kasoma. Majibu hayo yanaingizwa kwenye fomula ya kukadiria hali ya maisha ya kaya. Si kipato halisi, ni makadirio.

Na hapo ndipo penye tatizo, kwa maoni yetu. Mzee wa Uingereza anaweza kukaa mezani na kalamu akajua atapata kiasi gani. Bibi wa kijijini hawezi. Hajui bati lina uzito gani na sakafu ya saruji ina uzito gani kwenye fomula ile. Ndiyo maana anabaki kusikiliza ya majirani, na majirani nao wanakisia tu.

Basi turudi kwenye kikundi. Elfu mbili au elfu tano anayonunulia hisa kila wiki si kitu kinachomtoa kwenye mpango. Tena TASAF wenyewe wanahamasisha walengwa waunde vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, na wanatoa mafunzo na ruzuku ya uzalishaji kwa ajili hiyo hiyo. Ingekuwa ajabu wakufundishe kuweka kisha wakuadhibu kwa kuweka.

Kinachoweza kubadilisha majibu ni kile akiba inachogeuka kuwa. Kikundi kikigawana mwisho wa mzunguko, bibi akanunua mbuzi wanne na kuezeka bati, tathmini ijayo itakuta kaya yenye sura nyingine. Kaya ikionekana imeinuka inatoka kwenye mpango, na TASAF wanaita huko kuhitimu. Kwa kijana mwenye nguvu, kuhitimu ni habari njema. Kwa mzee wa miaka 78 tunaona ni jambo la kufikiriwa upya, maana bati halilimi shamba. Paa linaweza kuwa jipya na mikono ikawa ile ile. Bara hatuna pensheni ya wazee wote kama ya Zanzibar ambayo ingempokea akitoka TASAF. Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu 2003, lakini malipo ya kila mwezi kwa kila mzee hayajafika.

Hata hivyo, ukimwambia bibi akatae bati ili abaki kwenye orodha, umemshauri vibaya. Paa ni lake kila siku ya mvua. Ruzuku si ya maisha hata kwa asiyeezeka.

Kuna jambo moja linalowaponza wazee wengi siku ya kuchukuliwa taarifa, nalo ni neno kaya. Kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Mwanao aliyejenga nyumba ya matofali kwenye kiwanja hicho hicho, akapika jiko lake na kula na mkewe, si lazima awe kaya yako. Ukisema kwa heshima ya kifamilia kwamba nyumba zote hizi ni zangu mimi baba yao, umeandikisha mali usiyoila. Eleza ilivyo: nyumba ile ni ya mwanangu, chungu chetu ni tofauti, mimi naishi hapa na wajukuu wawili. Vivyo hivyo kwa ng'ombe uliotunziwa au unaowatunzia wengine. Mjukuu anayejua kusoma akae karibu na bibi siku hiyo, asikilize kinachoandikwa.

Hakuna mtumishi wa kweli anayehitaji kuona salio la simu ya mzee, na hakuna anayehitaji namba ya siri. Kuandikishwa hakulipiwi. Akikupigia mtu akadai utume shilingi 5,000 ili jina la babu lisifutwe, kata simu na umwambie mtendaji wa kijiji.

Jina likiondolewa na kaya ikaona haikutendewa haki, anza na kamati ya usimamizi ya jamii hapo kijijini, ambayo imetokana na wanakijiji wenyewe. Isiposaidia, nenda kwa mratibu wa TASAF wa halmashauri. Andika malalamiko kwa karatasi, weka tarehe, na ubaki na nakala au uipige picha kwa simu. Kwenye karatasi hiyo msijaze maneno ya kuomba huruma. Andikeni nani anaishi kwenye kaya, nani anaweza kufanya kazi na nani hawezi, na ni kitu gani kwenye taarifa zilizochukuliwa ambacho si chenu.