Kadi za Besiboli: Pakiti ya Zamani Ifunguliwe au Iachwe?

Mwaka 1960 tishari moja lilivutwa hadi baharini nje ya pwani ya New Jersey, Marekani, likiwa limesheheni kadi ndogo za picha za wachezaji wa besiboli. Zilikuwa mali ya kampuni ya Topps, na ofisa wake Sy Berger, mmoja wa waliozibuni, alikuwa amehangaika nazo tangu 1952. Zilichapwa msimu ukielekea ukingoni, watoto wakiwa wameshahamia michezo mingine, zikadoda. Berger alisimulia baadaye kwamba alizipeleka kwenye maonyesho ya burudani akaziuza senti moja moja, kisha kumi kwa senti. Hazikutoka. Ghala likahitaji nafasi, na mzigo ukamwagwa Atlantiki.

Agosti 2022, kadi moja ya toleo hilohilo lililododa, namba 311 yenye picha ya Mickey Mantle wa New York Yankees, iliuzwa mnadani kwa dola milioni 12.6. Hadi siku hiyo hakuna kadi ya mchezo wowote iliyokuwa imefika bei hiyo. Wakusanyaji wanaielewa vizuri hesabu hii: kadi kuukuu ina bei kubwa kwa sababu enzi zake haikuthaminiwa, na walio wengi waliitupa.

Kadi hizi hazikuanza kama bidhaa ya kujitegemea. Katika miaka ya 1880 kampuni za sigara za Marekani zilitia kipande cha karatasi ngumu ndani ya pakiti laini ili sigara zisivunjike. Kuchapa picha ya mchezaji juu ya kipande hicho kukawa njia ya kumrudisha mteja dukani. Seti maarufu kuliko zote za tumbaku, inayoitwa T206, ilitolewa na American Tobacco Company kati ya 1909 na 1911. Ndani yake imo kadi ya Honus Wagner wa Pittsburgh, ambayo uchapaji wake ulikatizwa mapema. Wapo wanaosema Wagner hakutaka watoto wanunue tumbaku kwa ajili ya picha yake. Wapo wanaosema alidai malipo. Vyovyote iwavyo, zinazojulikana leo ni takriban 60, na mwaka 2022 moja iliuzwa kwa dola milioni 7.25.

Baada ya tumbaku ikaja bablishi, na ujanja ukaongezeka. Mwaka 1933 kampuni ya Goudey ya Boston ilitoa seti ya kadi 240, lakini namba 106 haikuonekana katika pakiti yoyote. Watoto waliendelea kununua wakiitafuta. Waliochoka wakaandika barua za malalamiko, na mwaka uliofuata wakatumiwa kwa posta kadi ya Napoleon Lajoie iliyojaza pengo hilo. Kadi hizo zilibanwa pamoja na barua, ndiyo maana baadhi yake zina alama ya kibanio hadi leo, na mnunuzi mzoefu haioni kuwa kasoro kubwa.

Topps, kampuni ya Brooklyn iliyowapa watoto bablishi ya Bazooka mwaka 1947, ndiyo iliyoipa kadi sura tunayoijua. Seti yake ya 1952 ilikuwa na kadi 407, kubwa kuliko za washindani, zenye rangi, nembo ya timu na takwimu za mchezaji mgongoni. Mwaka 1956 ilimnunua mpinzani wake mkuu, Bowman, na kwa karibu robo karne soko likawa lake. Kampuni za Fleer na Donruss ziliingia kwa nguvu mwaka 1981, baada ya mvutano wa mahakamani.

Watoto walizitumia kadi hizo kama watoto. Walizibana kwenye spoku za baiskeli ili zipige kelele, walizirusha ukutani kushindana, walizifunga kwa raba hadi kingo zikakatika. Walipokua na kuondoka nyumbani, mama alifagia chumba na boksi la kadi likaenda na takataka.

Zilizosalimika hujitokeza kwa bahati. Mwaka 2012, katika mji wa Defiance, jimbo la Ohio, familia moja iliyokuwa ikipanga vitu vya marehemu babu yao ilikuta darini boksi lenye kadi takriban 700 za mwaka 1910 hivi. Zilikuwa safi kana kwamba zimetoka kiwandani jana, na miongoni mwake walikuwamo wachezaji Ty Cobb na Wagner.

Lakini kinachowachangamsha wakusanyaji kuliko kadi yenyewe ni pakiti ambayo haijawahi kufunguliwa.

Kwa miongo kadhaa pakiti zilifungwa kwa karatasi ya nta iliyobanwa kwa joto. Ndani kulikuwa na kadi na kipande bapa cha bablishi. Mtu akifungua pakiti kama hiyo leo hukuta bablishi imekauka kama kigae, ikivunjika ikiguswa, na haifai kuliwa. Mara nyingi imeacha doa kwenye kadi iliyolala nayo, na nta imeganda kwenye kadi ya mwisho. Kadi za katikati ndizo zenye matumaini, ingawa nazo huenda zilikatwa vibaya kiwandani, picha ikaegemea upande mmoja.

Chukua pakiti ya Topps ya 1980. Anayetafutwa humo ni Rickey Henderson, kijana wa Oakland aliyekuja kuweka rekodi ya kuiba vituo vingi kuliko mchezaji yeyote wa ligi kuu. Seti ina kadi 726, naye ni namba 482. Pakiti ya nta ina kadi 15, kwa hiyo kwa wastani mtu hufungua pakiti 48 ndipo amwone mara moja. Boksi zima la pakiti 36 lina kadi 540 tu, yaani mtu anaweza kulimaliza lote akatoka mikono mitupu. Na akimpata, bado kuna swali la hali. Kampuni kama PSA, iliyoanza mwaka 1991, hukagua kona, kingo, uso na mkao wa picha, kisha hutoa alama kuanzia 1 hadi 10. Henderson mwenye alama 10 ni adimu mno, na tofauti ya bei kati ya 8 na 10 ni kubwa kupita kiasi.

Hapo ndipo utata ulipo. Pakiti iliyofungwa huuzwa kwa bei inayobeba matumaini yote ya kilichomo. Ikifunguliwa, matumaini hugeuka kadi 15, na kwa kawaida kadi hizo hazirudishi hata nusu ya fedha. Ndiyo sababu wengine hununua pakiti na kuzitunza kama zilivyo. Wengine huchangiana: watu kadhaa hununua nafasi katika pakiti moja ya gharama, mwenye duka huifungua mbele ya kamera, na kadi hugawanywa kwa kura. Zipo pia pakiti za plastiki angavu zinazoonyesha kadi ya juu na ya chini. Nyota akionekana nje, bei hupanda bila pakiti kuguswa.

Palipo na fedha za namna hii, matapeli hawakosi. Karatasi ya nta inaweza kufunguliwa kwa uangalifu, kadi nzuri zikachomolewa, takataka zikawekwa, kisha ikafungwa tena kwa joto. Wakaguzi wapo, lakini nao hukosea: mapema 2022 Logan Paul, maarufu wa mitandaoni, alifungua shehena ya kadi za Pokémon aliyoinunua kwa dola milioni 3.5 na iliyokuwa imethibitishwa kuwa halali, akakuta kadi za G.I. Joe. Hata kadi iliyokwisha kupewa alama haina kinga. Wagner mashuhuri aliyewahi kumilikiwa na Wayne Gretzky, nyota wa hoki ya barafu, alipewa alama 8. Mwaka 2013 mnadishaji Bill Mastro alikiri mahakamani kwamba alikata kingo zake ili aonekane mpya.

Mtego wa pili ni kudhani kila cha zamani ni mali. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watu wazima walisikia habari za bei hizi, wakaanza kuhifadhi maboksi mazima kwa ajili ya karo za watoto wao. Viwanda vikachapa bila kikomo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa kuwa kila mtu alitunza, hakuna kilichopungua, na nyingi ya kadi hizo leo hazifikii bei ya chakula cha mchana.

Anayetaka kuanza afahamu basi anachonunua. Kama anamtaka mchezaji fulani, anunue kadi yake moja iliyokwisha kufunguliwa, hata yenye kona zilizochakaa; za miaka ya 1950 na 1960 za wachezaji wa kawaida bado zinapatikana kwa dola chache. Kama anataka pakiti, ainunue kwa muuzaji anayejulikana, akague mikunjo ya karatasi kabla ya kulipa, na fedha hiyo aihesabu kuwa gharama ya starehe. Kufungua pakiti ya zamani ni mchezo wa kusisimua, lakini si uwekezaji.